Kutoka, Kupona na Kunena: Ushuhuda wa Florentina na Ursula katika Historia ya Matengenezo

Historia ya Matengenezo ya Kanisa hufundishwa kwa kawaida kupitia majina ya wanaume waliosimama mbele ya wakuu: hoja 95 za mwaka 1517, Baraza la Worms la mwaka 1521, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Makala hii inakusudia kutazama watu wengine wa kizazi kile kile, yaani wale waliolelewa ndani ya nyumba za dini zilizowaumiza, wakatoka, kisha wakaandika yaliyowapata. Jambo hili si la kale tu. Mchungaji yeyote aliyetumika usharikani amekutana na mtu aliyetoka katika kundi la Kikristo lililomtawala kwa hofu na amri. Mtu huyo huja kanisani akiwa na mashaka, akikaa karibu na mlango. Je, tumwambie nini? Na akitaka kusema yaliyompata, tumnyamazishe au tumsikilize?

Kwanza hatuna budi kukumbuka kwamba Luther mwenyewe alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliingia katika monasteri ya Waagustino mjini Erfurt mwaka 1505 kwa hiari yake, akazishika kanuni kwa bidii kubwa. Alifunga, alikesha, aliungama mara kwa mara hata kumchosha aliyemsikiliza. Hakuna aliyemtesa kwa fimbo. Mtesi wake alikuwa dhamiri iliyofundishwa kuhesabu kila kosa na kuogopa kwamba hesabu haijakamilika. Msaada wa kwanza ulitoka ndani ya shirika lile lile, kwa mkuu wake Johann von Staupitz, aliyemwelekeza kuacha kujitazama na kuyatazama majeraha ya Kristo. Mwaka 1518 Staupitz alimfungua kutoka katika wajibu wa utii wa shirika. Basi si haki kusema kwamba ndani ya nyumba ile hapakuwa na mchungaji mwema hata mmoja.

Hali ya Florentina von Oberweimar ilikuwa tofauti. Huyu alipelekwa katika nyumba ya watawa ya Neu-Helfta huko Eisleben akiwa mtoto wa miaka 6 hivi. Alipofika miaka 11 aliwekwa wakfu bila kuulizwa nia yake. Alipokua na kutambua kwamba maisha yale hayakuwa wito wake, alimweleza mkuu wa nyumba, aliyekuwa jamaa yake mwenyewe. Akajibiwa kwamba hana njia ya kutoka. Alimwandikia Luther kwa siri, barua ikagunduliwa, naye akafungiwa na kutiwa aibu mbele ya wenzake kwa jina la toba. Alipojaribu kumwandikia jamaa mwingine, alipigwa na kufungwa tena. Mapema mwaka 1524, mtu aliyepaswa kufunga mlango wa chumba chake aliuacha wazi, naye akatoka.

Inafaa tukumbuke kwamba Helfta, iliyoitangulia nyumba hiyo, ilikuwa katika karne ya 13 makao ya Mechthild wa Magdeburg na Gertrude, wanawake ambao maandishi yao juu ya upendo wa Mungu yanasomwa hata leo. Jumuiya iliyozaa sala za namna ile ndiyo iliyokuja kumfungia msichana chumbani. Urithi mwema haulindi nyumba yoyote isigeuke kuwa gereza.

Florentina aliandika habari zake, na mwezi Machi mwaka 1524 Luther akazichapisha pamoja na barua ya wazi kwa Wakuu wa Mansfeld, waliotawala eneo lile. Hapa ndipo penye swali gumu. Kwa nini kuchapisha? Je, haikutosha kumpa makazi na kumwombea? Luther alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo mwaka uliotangulia. Usiku wa Pasaka wa mwaka 1523, watawa 12 wa Nimbschen, Katharina von Bora akiwa mmoja wao, walitoroshwa kwa msaada wa Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa Torgau. Jambo hilo lilikuwa la hatari, maana sheria za wakati ule ziliadhibu vikali wenye kuwatorosha watawa. Hata hivyo Luther hakuficha. Alitoa barua ya wazi, akaeleza sababu zake: lililofanyika mbele za Mungu lisiogope nuru, heshima ya wasichana ilindwe dhidi ya masingizio, na wazazi wenye binti katika hali kama hiyo wapate kuonywa.

Sababu hizo tatu zinatofautisha ushuhuda na umbea. Umbea hutafuta kumwangusha mtu. Ushuhuda hutafuta kumlinda aliyebaki ndani. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kanisa linaloficha maumivu ya watoto wake kwa hoja ya kulinda jina la Bwana linalinda jina lake lenyewe.

Ursula wa Münsterberg aliliendeleza jambo hili kwa elimu zaidi. Alikuwa mjukuu wa Mfalme George wa Bohemia, na mtawa huko Freiberg katika Saxony. Mwezi Oktoba mwaka 1528 alitoroka usiku pamoja na wenzake wawili, wakapokewa nyumbani kwa Luther, Wittenberg. Kabla ya kutoka alikuwa amekwisha kuandika utetezi wenye vipengele 69, akiwaelekea binamu zake, Duke Georg na Duke Heinrich wa Saxony. Luther aliongeza maneno ya mwisho, lakini hoja zilikuwa za Ursula mwenyewe: kwamba imani katika Kristo ndiyo iokoayo, na kwamba hakuna nadhiri inayoweza kuongeza kitu juu ya ubatizo. Hakuomba huruma. Alidai kwamba dhamiri yake isikilizwe kwa Maandiko.

Wala tusidhani kwamba kutoka mlangoni ndiko kupona. Luther aliandika juu ya nadhiri za kitawa mwaka 1521, lakini aliendelea kuvaa vazi la kitawa hata Oktoba mwaka 1524, na alioa Juni mwaka 1525. Moyo ulichukua miaka kuufuata ufahamu. Majaribu makali ya rohoni yalimrudia mwaka 1527. Tena, hakutupa kila alichokipokea. Katika mahubiri yake ya Machi 1522 alisema wazi kwamba maungamo ya faragha hayapaswi kulazimishwa, lakini yeye binafsi hangeyaacha, kwa sababu ya faraja aliyoipata humo. Chombo kilichomwumiza kilipoondolewa sheria kikawa dawa.

Lakini historia hii ina onyo kwetu sisi Walutheri. Mwaka 1525 mji wa Nürnberg ulipopokea Matengenezo, watawa wa Mtakatifu Klara chini ya Caritas Pirckheimer walikataa kuondoka. Mwezi Juni mabinti watatu walivutwa nje kwa nguvu na mama zao, huku wakilia. Pirckheimer aliyaandika hayo yote. Philipp Melanchthon alipofika mwezi Novemba, alichukizwa na matumizi ya nguvu, akashauri watawa waachwe kwa amani. Florentina alilazimishwa kubaki. Mabinti wa Nürnberg walilazimishwa kutoka. Katika pande zote mbili sheria ilikaa mahali pa Injili. Ndiyo maana Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 28, linafundisha kwamba mamlaka ya Kanisa hutumika kwa Neno, si kwa nguvu za kibinadamu.

Sisi nasi tunayo nidhamu ya Kanisa: kumzuia mtu asishiriki Meza ya Bwana, na utaratibu wa kumrudisha kundini. Nidhamu hiyo ina nafasi yake. Lakini iwapo msichana mwenye mimba atasimamishwa mbele ya usharika, na aliyempa mimba akabaki ameketi kwenye benchi lake, tumefanya tofauti gani na Neu-Helfta? Na msichana huyo akihama, akasimulia kwa majirani, tutamwita mchongezi?

Mambo matatu yanatupasa. Kwanza, anayetoka katika kundi lililomwumiza apewe muda, asiharakishwe kuwa mzee wa kanisa wala mwimbaji wa kwaya ili kutupa sisi ushindi. Pili, maneno yake yasikilizwe yote kabla ya kusahihishwa, hata pale yanapotugusa. Tatu, asilazimishwe kunena, maana ushuhuda wa kulazimishwa ni amri nyingine juu ya mtu aliyekwisha kuchoka na amri. Florentina na Ursula walinena walipokuwa tayari, nao walipata msikilizaji. Kazi ya mchungaji ni kuwa msikilizaji huyo.