Kuuliza Kabla ya Kusaidia: Kanisa na Elimu ya Jamii

Katika sharika zetu, kijana anapotangazwa kwamba amepata nafasi chuo kikuu kusomea udaktari au uhandisi, washarika hupiga makofi na vigelegele. Akitangazwa anayekwenda kusomea sosholojia, anthropolojia au ustawi wa jamii, makofi hupungua. Baada ya ibada wazazi huulizana mambo mawili: atapata kazi gani, na je, atarudi na imani yake? Swali la kwanza tuwaachie waajiri. La pili ni letu, na historia ina neno la kutuambia. Masomo haya hayakukua mbali na kanisa. Zaidi ya mara moja yalisukumwa mbele na watu wa kanisa waliogundua kwamba walikuwa wakiwasaidia, wakiwafundisha, na wakati mwingine wakiwahukumu watu wasiowajua.

Tuanze na ustawi wa jamii. Mwaka 1873 kasisi wa Kianglikana, Samuel Barnett, na mkewe Henrietta walihamia parokia ya Mtakatifu Yuda huko Whitechapel, mashariki mwa London, mahali palipojaa umaskini. Watu walikuwa wamezoea kubisha hodi kwa kasisi na kupewa sarafu mlangoni. Barnett alikataa desturi hiyo. Alitaka kwanza mtu atembelewe, shida yake ifahamike, ndipo asaidiwe. Maskini walimkasirikia, nasi hatuwezi kuwalaumu, maana tumbo lenye njaa halingoji uchunguzi. Lakini kutembelea huko kulimbadilisha kasisi mwenyewe. Alikuja kuona kwamba umaskini wa Whitechapel haukuletwa na uvivu au ulevi wa mtu mmoja mmoja tu. Ulitokana pia na ujira mdogo, vibarua visivyo na uhakika na nyumba mbovu. Kasisi aliyeanza kwa kuwachunguza maskini akaishia kutetea pensheni kwa wazee.

Mwaka 1884 Barnett na mkewe walifungua Toynbee Hall, nyumba ambamo vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walikuja kuishi katikati ya maskini, wafundishe na wajifunze. Kati ya waliopitia humo alikuwamo William Beveridge, ambaye taarifa yake ya mwaka 1942 iliweka msingi wa mfumo wa ustawi wa jamii wa Uingereza. Alikuwamo pia Clement Attlee, ambaye serikali yake iliutekeleza mfumo huo baada ya vita.

Mwaka 1888 nyumba hiyo ilitembelewa na mwanamke Mmarekani, Jane Addams. Aliporudi kwao, yeye na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua nyumba kama hiyo mjini Chicago mwaka 1889, ikaitwa Hull House. Majirani zao walikuwa wahamiaji kutoka nchi nyingi za Ulaya. Wakazi wa Hull House hawakuishia kugawa chakula na kulea watoto wa akina mama waliokwenda kazini. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kila familia imetoka wapi na inapata kiasi gani kwa juma, kisha wakachora ramani za rangi zilizochapishwa mwaka 1895. Mmoja wao, Florence Kelley, alichunguza kazi za ushonaji zilizofanyiwa vyumbani. Juhudi zake zilichangia sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 1893, iliyokataza watoto chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani. Ni katika mji huohuo, mwaka 1892, Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha idara ya sosholojia chini ya Albion Small, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti, naye mwenyewe alikuwa amesomea theolojia.

Sasa turudi nyumbani, kwenye anthropolojia. Mwaka 1902 Bruno Gutmann, mmisionari wa Misheni ya Leipzig, alifika Kilimanjaro. Alikaa na wazee wa Kichaga akiwauliza juu ya ukoo, mahari, mashauri, mifereji ya maji na mafundisho ya vijana. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kikubwa kwa Kijerumani juu ya sheria za Wachaga, ambacho wasomi wanakitumia mpaka leo. Lakini hakuandika kwa ajili ya wasomi tu. Alitaka usharika usimame juu ya vifungo ambavyo Wachaga walikuwa navyo tayari: ukoo, ujirani na rika. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha kwa vikundi vidogo, kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake, kwa mfano wa rika la zamani.

Tusimpambe kupita kiasi. Wapo waliomlaumu kwamba aliipenda jana ya Wachaga kuliko kesho yao, na kwamba alitilia shaka elimu na maendeleo ambayo Wakristo wenyewe waliyatamani. Mtu anaweza kuwasikiliza wazee miaka mingi asiwasikie vijana. Hata hivyo aliacha funzo: Injili aliyoileta iliwakuta watu wenye jamii yao, yenye mpangilio wake, naye aliona ni wajibu wake kuujua.

Tunaona gharama ya kutojua tukitazama Kenya mwaka 1929. Misheni kadhaa miongoni mwa Wakikuyu, ikiwamo ya Kanisa la Skotlandi, ziliwataka waumini waikane desturi ya kuwakeketa wasichana na kutia sahihi au dole gumba kwenye tamko. Walikuwa na sababu ya haki. Madaktari wao waliyaona majeraha, na waliona wanawake wakiteseka wakati wa kujifungua. Lakini amri ilikuja kama hukumu kutoka juu. Waumini wengi waliondoka, shule za misheni zikapoteza wanafunzi, na shule na makanisa ya kujitegemea yakapata nguvu. Desturi yenyewe haikufa. Kinyume chake, kwa wengi ikawa alama ya kumpinga mzungu.

Jomo Kenyatta, aliyesoma shule ya misheni ya Thogoto na kubatizwa mwaka 1914, alisoma anthropolojia huko London kwa Bronislaw Malinowski. Mwaka 1938 alitoa kitabu chake, Facing Mount Kenya. Humo alieleza kwamba kwa Wakikuyu tendo lile halikuwa kisu tu. Lilibeba mafundisho, rika, na nafasi ya msichana katika jamii. Kenyatta aliitetea desturi hiyo, na hapo hatukubaliani naye. Mwili wa binti si mahali pa kutetea heshima ya kabila. Lakini alisema jambo ambalo wamisionari walipaswa kulijua kabla ya kuandika tamko lao.

Ilipita miaka 67. Mwaka 1996, huko Tharaka nchini Kenya, shirika la Maendeleo ya Wanawake pamoja na familia za hapo walianza njia nyingine, baada ya kuwauliza watu wenyewe. Wasichana walikaa faraghani kwa siku kadhaa, wakafundishwa na wanawake wakubwa, kisha wakatolewa kwa sherehe, zawadi na nyimbo. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa kisu. Lengo lilikuwa lilelile la mwaka 1929. Tofauti ni kwamba safari hii watu waliulizwa kwanza.

Kwa hiyo tunawajibuje wazazi? Ni kweli, darasani kijana wetu atakutana na walimu wanaoichukulia dini kuwa kitu cha kuchunguzwa, si cha kuaminiwa. Atasoma kurasa ambazo kanisa halitapendeza ndani yake, na nyingine zitakuwa za kweli. Tusimwache peke yake na kurasa hizo. Akirudi likizo, tusimpe zamu ya kupanga viti tu. Tumwombe atembelee kaya za mtaa pamoja na wazee wa kanisa, atusaidie kuuliza: kwa nini akina mama hawa hawaji tena ibadani? Kijana huyu anayeomba kila Jumapili anaishi na nani? Fedha za diakonia zinamfikia nani, na zinampita nani?

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kwa hotuba. Alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta uliobomoka. Baada ya hapo ndipo aliposema tujenge. Huenda kijana tunayempigia makofi machache ndiye anayekwenda kujifunza kutembea usiku ule. Siku jina lake litakapotangazwa, tumpigie na vigelegele.