Karafuu, Mkaratusi na Moshi wa Udi: Faida, Madhara na Hukumu Zake

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.).

Manukato ni sunna. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwa akikataa manukato anapopewa (Bukhari). Nasi visiwani tumezaliwa nayo: chetezo kimo majumbani, na kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, hutoa mafuta ya makonyo ya karafuu, mchaichai na mkaratusi. Tunaeleza hapa yanavyofanya kazi, na mipaka yake.

Harufu na nafsi

Harufu ikiingia puani, mishipa ya fahamu huifikisha kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana udi humkumbusha mtu Idi ya utotoni. Harufu nzuri huweza kumtuliza mwenye wasiwasi, lakini kutulia si kupona. Mwenye sonona asiache dawa zake.

Mafuta na mwili

Karafuu ina yujinoli, ambayo hutia ganzi. Tone moja kwenye pamba hupunguza maumivu ya jino, ila tundu linabaki pale pale, na mafuta yakizidi huunguza fizi. Kwa kujikanda, mtu mzima atie tone 1 katika vijiko 2 vya chai vya mafuta ya nazi.

Mafuta haya hayanywewi. Mtoto akinywa ya karafuu huweza kuharibika ini. Ya mkaratusi, hata kijiko kimoja cha chai huweza kumtia degedege au kumpoteza fahamu. Wala usimpake mtoto mchanga usoni au puani. Akinywa, usimtapishe: mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Moshi

Moshi wa udi na ubani huamsha pumu. Makaa ya chetezo katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Basi chumba cha mzazi na mwanawe kifukizwe wao wakiwa nje, kisha madirisha yafunguliwe kabla hawajarudi.

Hukumu

1. Kunusa mafuta mazuri hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi.
2. Kuvuta moshi wa udi kwa makusudi hadi ukafika kooni, wanazuoni wengi wanasema hubatilisha. Uliokufikia bila kukusudia haudhuru.
3. Aliyehirimia Hija au Umra hajitii manukato.
4. Haijuzu kujidhuru wala kumdhuru mwenzako. Ukijua jirani ana pumu, moshi wako usimfikie.
5. Anayetibu watu bila ya kuujua utabibu hubeba dhamana ya madhara anayosababisha, kama ilivyokuja katika hadithi ya Abu Daud. Muuza mafuta asiahidi kuponya asichokijua.

Tuwekeni chupa juu, mbali na mikono ya watoto. Wallahu a'lam.