Hewa ya Karatasi, Hewa ya Mchapaji

Kila majira ya joto yalipofika New York na hewa ikajaa unyevu, kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms, mtaani Brooklyn, kiliingia hasara. Kilichapa kazi za rangi, likiwemo jarida la vichekesho la Judge, na enzi hizo rangi zilipigwa moja baada ya nyingine: manjano kwanza, nyekundu baadaye, kisha buluu, karatasi ileile ikirudishwa mashineni kila mara. Karatasi ni nyuzi za mmea, na nyuzi hunywa maji yaliyomo hewani. Ikinywa hutanuka, ikikauka husinyaa, na tofauti isiyofika milimita moja yatosha kuharibu kazi. Mwanamke aliyechorwa kwa ustadi hujikuta wekundu wa midomo umekaa shavuni. Wino nao hugoma kukauka.

Mwaka 1902 mhandisi mshauri Walter Timmis aliupeleka mkasa huo kwenye ofisi ya kampuni ya Buffalo Forge, watengenezaji wa feni na mitambo ya kupasha joto majengo. Kazi akapewa kijana wa miaka 25, Willis Carrier, aliyekuwa ametoka Chuo Kikuu cha Cornell mwaka uliotangulia. Carrier aliyatazama mambo kwa namna yake. Hakuuliza jinsi ya kuipoza hewa tu, bali jinsi ya kuiamuru ibebe kiasi fulani cha maji, kisizidi wala kupungua. Alijua kwamba hewa ikipozwa hushindwa kushika unyevu wake, na maji hujitenga kama matone. Basi akapanga feni isukume hewa kwenye mabomba yenye maji baridi, unyevu uliozidi udondoke hapo, ndipo hewa iingie kwenye mashine. Michoro yake ilikamilika tarehe 17 Julai 1902. Lengo lilikuwa unyevu wa asilimia 55 mwaka mzima, na nguvu ya kupoza iliyohitajika ililingana na kuyeyusha takriban tani 49 za barafu kwa siku.

Carrier hakuridhika. Baadaye mwaka huohuo, akisubiri treni Pittsburgh usiku wa ukungu mzito, aliwaza kwamba ukungu ule ni hewa iliyoshiba maji, na kwamba ukiweza kutengeneza ukungu wenye baridi unayoichagua mwenyewe, utakuwa umepima maji ya hewa kwa kipimo unachotaka. Kutoka hapo ukazaliwa mtambo wa kunyunyizia hewa maji, uliopata hataza ya Marekani namba 808,897 tarehe 2 Januari 1906. Jambo la ajabu, maji yakawa njia ya kuikausha hewa.

Viyoyozi tunavyovijua leo, vya hospitali, mabasi na kumbi za harusi, ni wajukuu wa mtambo ule wa Brooklyn. Wengi hudhani vilibuniwa ili watu wapate nafuu ya joto. Haikuwa hivyo. Mteja wa kwanza alikuwa karatasi. Jambo hili linaniuma kidogo kila ninapolifikiria, kwa sababu ubaya wa hewa ya vyumba vya uchapaji kwa binadamu ulikuwa umejulikana tangu karne mbili nyuma yake.

Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliwaingiza wapiga chapa katika toleo la mwaka 1713 la kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Miaka michache baadaye Benjamin Franklin, kijana aliyetoka Marekani kutafuta kazi London, alijionea mwenyewe. Mwaka 1724 alikuwa mpangaji wa herufi. Herufi za risasi zilipooshwa zilikaushwa mbele ya moto, na wakati wa baridi ilipendeza kuzishika zikiwa bado na joto. Mzee mmoja wa kazi alimwonya aache, akamweleza habari za wenzake wawili waliokaribia kupoteza kabisa nguvu za mikono. Franklin mwenyewe alikuwa ameshasikia maumivu kwenye mifupa ya mikono, akaacha. Alipoyaandika hayo katika barua ya mwaka 1786, alitaja pia dhana aliyoisikia kwa mtengeneza herufi mmoja, akaiona ina mantiki: tatizo si mvuke, bali chembe za risasi zinazoingia tumboni kwa watu wanaokula bila kunawa.

Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia mashine ya Ottmar Mergenthaler, Linotype. Sasa kila mpangaji alikaa kando ya chungu cha risasi, bati na antimoni iliyoyeyuka, mara nyingi kikipashwa moto kwa gesi, na mashine ikamwaga mstari mzima wa maneno kwa mara moja. Picha ya chungu cha risasi kinachofuka humtisha mtu, lakini hatari kubwa ilikuwa kwingine. Kwenye joto la kumwagia, karibu nyuzi 280, risasi hutoa mvuke kidogo sana. Sumu ilikuwa kwenye utando wa kijivu unaoelea juu ya chungu. Ukikwanguliwa na kumwagwa sakafuni hugeuka vumbi jepesi, nalo hupeperuka kila fagio linapopita. Ilikuwa pia kwenye tanuri la kuyeyushia vyuma vilivyotumika, ambako moto ulipandishwa bila kipimo.

Daktari Alice Hamilton, aliyezunguka viwanda vya Marekani kuchunguza sumu za kazini, alitoa ripoti ya serikali kuhusu afya ya wachapaji mwaka 1917. Vyumba vilifungwa madirisha ili karatasi zisipeperuke. Kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa fani hiyo kiasi kwamba chama cha wachapaji kilijenga makao yake huko Colorado Springs, yaliyofunguliwa mwaka 1892, wagonjwa wapate hewa kavu ya milimani. Kwa lugha nyingine, mchapaji alipewa hewa safi baada ya mapafu kuharibika.

Kisha ukaja uchapaji wa rotogravya. Hapa silinda ya shaba huchimbwa vishimo vidogo mno, huzamishwa katika wino mwepesi kama maji, upanga wa chuma hukwangua uliozidi, na karatasi hunywa uliobaki vishimoni. Wino huo lazima ukauke papo hapo kabla karatasi haijafika kwenye silinda nyingine, kwa hiyo uliyeyushwa kwa kimiminika kinachoruka upesi. Gazeti la New York Times lilianzisha kurasa zake za picha kwa njia hii mwaka 1914. Kuna wachapaji waliotumia benzini, itokanayo na lami ya makaa ya mawe, nayo huingia kwenye uboho wa mifupa na kuzuia damu isitengenezwe. Mwaka 1939 Leonard Greenburg na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi 332 wa rotogravya jijini New York. Waliokutwa na dalili za sumu ya benzini, kwa viwango mbalimbali, walikuwa 130.

Toluini ilichukua nafasi ya benzini taratibu, na hapo ndipo uhandisi ulipofanya jambo la maana. Mashine zilifunikwa. Feni ilivuta hewa kutoka juu ya kila silinda, hewa ikapitishwa kwenye matangi ya makaa maalumu yenye vinyweleo visivyohesabika, na toluini ikanaswa humo. Makaa yakishiba, mvuke wa maji hupulizwa ndani, toluini hutoka, hupozwa, hujitenga na maji, na kurudi kwenye wino. Toluini ni ghali, na ikichanganyika na hewa yaweza kulipuka. Kwa hiyo mwenye kiwanda alikuwa na sababu mbili za kuikamata ambazo hazikuhusu afya ya mtu yeyote. Na ilikamatwa.

Pasipo na faida hiyo, mambo yalikwenda vingine. Kampuni moja ndogo ya Osaka, Japani, ilifanya kazi ya kuchapa nakala za majaribio, zile ambazo mteja huzikagua kabla ya kazi kubwa kuanza. Mashine ya aina hiyo hutoa nakala chache, kisha mpira wake hufutwa wino kwa kitambaa chenye dawa, na kazi nyingine huanza. Mfanyakazi hushinda akifuta. Tangu mwaka 1991 dawa iliyotumika ilikuwa na diklorometani na dikloropropani. Chumba kilikuwa na mtambo wa hewa, kwa sababu nakala ya majaribio haina maana kama karatasi inatanuka na kusinyaa. Lakini sehemu kubwa ya hewa iliyovutwa humo ilirudishwa humohumo. Wafanyakazi hawakuwa na barakoa za kuzuia mvuke wa kemikali. Mvuke wa dikloropropani ni mzito kuliko hewa karibu mara nne, hivyo hautoki wenyewe.

Wafanyakazi hao walianza kuugua saratani ya mirija ya nyongo, ugonjwa ambao kwa kawaida huwapata wazee. Hawa waligunduliwa wakiwa na miaka kati ya 25 na 45. Profesa Shinji Kumagai na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2013, walihesabu wagonjwa 11 kati ya wanaume 62 waliokuwa wamefanya kazi humo mwaka mmoja au zaidi, na sita walikuwa wamekwisha kufa. Idadi ya wagonjwa baadaye ilifika 17. Machi 2013 serikali ya Japani iliukubali ugonjwa huo kuwa umetokana na kazi. Mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikuwa limesema hakuna ushahidi wa kutosha kuiainisha dikloropropani. Mwaka 2014 liliiweka katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuwapa binadamu saratani. Uthibitisho huo ulitoka hasa kwa vijana hawa wachapaji.

Karatasi ya Osaka ilikuwa salama siku zote. Mtambo ulifanya kazi uliyotengenezewa.

Kwa hiyo wewe mwenye mashine mbili tatu katika chumba cha nyuma, na wewe unayefuta rola kwa petroli au thina, tazama juu kwenye kiyoyozi cha ukutani. Hicho kinavuta hewa ya chumba, kinaipoza na kuirudisha. Mvuke hautoki nje hata kidogo. Weka feni ya kufyonza karibu na mashine na chini, usawa wa pale mvuke unapotua, bomba lake litoke nje ya jengo, na upande wa pili acha mlango wa hewa mpya kuingilia. Matambara yaliyolowa yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko. Na dawa mpya ya kusafishia ikiletwa, soma jina lililoandikwa kwenye kopo kabla hujalifungua.