Je, Kifo ni Adhabu ya Dhambi? Qur-aan na Biblia Mbele ya Misiba ya Ziwa Viktoria

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake. Amma ba'd:

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba, ilizama ilipokuwa inakaribia Mwanza. Walifariki watu zaidi ya 800, na baadhi yao wamezikwa Igoma. Alkhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kikapinduka karibu na gati ya Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Walifariki watu 228, Waislamu na Wakristo pamoja. Sisi wa Unguja na Pemba tunaujua msiba huu, baada ya Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012.

Misiba kama hii huleta neno lile lile matangani: "Ni madhambi yao." Na anayeishi na jirani Wakristo, kama walivyo ndugu zetu wa Mwanza, husikia pia kuwa kifo chenyewe kiliingia duniani kwa dhambi ya Adam. Tutazame vitabu viwili vinasemaje, kisha tujue linalotupasa.

Katika Biblia

Kitabu cha Mwanzo (2:17 na 3:19) kinaeleza kuwa Adam alionywa kuwa akila mti uliokatazwa atakufa, na baada ya kula akaambiwa kuwa atarudi mavumbini. Paulo, katika Waraka kwa Warumi (5:12 na 6:23), amejenga juu ya kisa hicho: dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na kifo kikaja kwa sababu yake kikawafikia wote. Hapo ndipo makanisa mengi yanapochukua msingi wa fundisho la dhambi ya asili na la kusulubiwa kuwa fidia. Hata hivyo, Ezekieli (18:20) anasema kuwa mtoto habebi dhambi ya baba yake.

Katika Qur-aan

Kwanza, Allah aliwaambia Malaika kuwa atamweka khalifa katika ardhi kabla ya Adam kukosea (Al-Baqarah 2:30). Kwa hiyo maisha ya ardhini hayakuanza kama ajali.

Pili, Adam alitubia na akasamehewa (2:37). Deni lililokwisha kusamehewa halirithiwi, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine (Al-An'aam 6:164). Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kila mtoto huzaliwa katika fitra.

Tatu, kifo na uhai vimeumbwa ili tujaribiwe nani mwenye amali njema zaidi (Al-Mulk 67:2). Mitume nao huonja mauti, na watoto wachanga huonja. Lau Allah angewashika watu kwa dhulma zao papo hapo, asingebaki kiumbe juu ya ardhi (An-Nahl 16:61).

Ni kweli kuwa Ash-Shuuraa 42:30 inataja masaibu yanayotokana na yaliyochumwa na mikono yetu. Lakini aya hiyo hiyo inasema kuwa Allah husamehe mengi. Inamtaka kila mtu ajihesabu mwenyewe. Haimpi ruhusa ya kumhukumu maiti wa jirani.

Panapokutana

Katika Injili ya Luka (13:4-5) Yesu anawataja watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, naye anakataa kuwa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Anawataka waliobaki watubu. Basi hata Mkristo hana hoja katika kitabu chake ya kuwalaumu waliozama.

Yanayotupasa

1. Aliyezama ni shahidi. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemtaja aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Huyu ni shahidi wa Akhera: akipatikana huoshwa, hukafiniwa na husaliwa. Aliyeiambia familia yake kuwa ameadhibiwa amesema asilolijua.

2. Maiti wakichanganyika, wasijulikane nani Muislamu na nani si Muislamu, madhehebu yetu ya Shafi yanataka wote waoshwe na wakafiniwe, na waswaliwe kwa nia ya waliokuwa Waislamu. Hakuna anayetupwa kwa kukosa jina.

3. Dhambi itafutwe mahali pake. MV Nyerere ilisajiliwa kubeba abiria 101, nayo siku hiyo ilibeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Anayejaza chombo kupita kiwango, anayenyamaza kwa kupewa chochote, na anayeuza tiketi huku akijua kuwa nafasi imekwisha, hawezi kujificha nyuma ya kadari. Kuua kwa makosa tu kuna kafara na diya (An-Nisaa 4:92). Itakuwaje kwa aliyeonywa akapuuza?

Ndugu zangu, mjane wa Ukara na mjane wa Nungwi wana haki moja kwetu: tuwaombee waliotangulia, tuwalee mayatima, na tukatae kupanda chombo kilichojaa hata kama ni cha mwisho kwa siku hiyo.

Wallaahu a'lam.