Skwota wa Berlin, skwota wa Ramisi

Ukimtajia mzee wa Kidigo pale Ramisi neno skwota, hafikirii msanii. Anafikiria mnazi wa babu yake, kwenye shamba ambalo karatasi zasema si lake. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai pwani ajitokeze. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mwingereza. Wadigo walimiliki kwa ukoo, si kwa karatasi. Wakalala wenyeji, wakaamka maskwota.

Miaka hiyohiyo, Berlin ilikuwa inajenga jumba kubwa la maduka karibu na Friedrichstraße. Biashara ilikufa upesi. Baadaye Manazi waliweka ofisi mle, vita vikalibomoa kiasi, na serikali ya Ujerumani Mashariki ikaangusha sehemu kubwa. Kipande kilichobaki kilikuwa kilipuliwe kwa baruti Aprili 1990.

Lakini Ukuta ulikuwa umeanguka Novemba 1989, na mwenye nyumba alikuwa dola inayokata roho. Nani angekuja kudai kodi? Tarehe 13 Februari 1990 wasanii wakaingia. Wakaliita Tacheles, neno la Kiyidi lenye maana ya kusema wazi, bila kuzungusha. Wahandisi wakapima, kumbe mjengo bado una nguvu. Mpango wa kuulipua ukafa. Zikaja studio, sinema, baa, sanamu za vyuma chakavu. Uani wakasimamisha hata ndege ya kivita ya Kirusi.

Mwaka 1998 mwekezaji alinunua kiwanja, akawapa wasanii mkataba wa miaka kumi kwa kodi ya marki moja. Rahisi hivyo! Sanaa ilishapandisha bei ya mtaa. Septemba 2012 wa mwisho wakatolewa, na tangu 2023 mle mna jumba la picha, ukiwa na hela ya tiketi.

Sasa Diani. Baada ya vurugu za Likoni, Agosti 1997, watalii walikimbia na baadhi ya hoteli zikafungwa. Mbona vijana wetu hawakuingia na rangi na spika zao? Kwa sababu huku dola haikufa. Hoteli ikiwa gofu, hati yake bado nzima, na askari yuko getini.

Ramisi walijaribu kwa jembe. Kiwanda cha sukari kilipofungwa 1988, watu walilima mashamba yaliyobaki. Mwekezaji mpya alipokuja, wakaitwa wavamizi.