Data Huria za Ramani katika Programu za Kuigiza Urushaji wa Ndege, 2000–2020
Uundaji wa mandhari katika programu za kuigiza urushaji wa ndege ulibadilishwa na vyanzo viwili vya data huria. Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu. Mwaka 2004, OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza, ambapo watu wa kujitolea huchora barabara na majengo. Kompyuta iliweza sasa kusimamisha jengo kwa kufuata idadi ya ghorofa iliyoandikwa ramanini. Hata hivyo, mwaka 2020 watumiaji wa Microsoft Flight Simulator walikuta mnara wa ghorofa 212 katika kitongoji cha Melbourne, Australia. Mchangiaji wa ramani aliandika 212 badala ya 2. Kosa lilikwisha kusahihishwa ramanini, lakini nakala iliyotumika ilikuwa ya zamani. Data huria, basi, ziliongeza wachoraji na wasahihishaji, lakini hazikumwondolea mtumiaji wajibu wa kuzihakiki.