Hita ya maji ya jua: ijue historia yake kabla hujaiuza chuma chakavu

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imekolea, mwenye gesti mmoja hapa Tunduma alinionyesha hita ya jua ya zamani juu ya paa lake. (Nilikuwa nimefuata habari za kuku.) Maji hayapati moto, na wanunuzi wa chuma chakavu walishafika bei. Nikamwomba asubiri kidogo.

Chombo hicho kina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya hita aliyoiita Climax: matenki meusi ndani ya sanduku lenye kioo. Mchana maji yalipata moto vizuri, usiku yakapoa, kwa sababu tenki lenyewe lilikaa pale pale chini ya kioo.

Mwaka 1909 William J. Bailey wa California akavitenganisha. Mabomba membamba yakabaki kwenye sanduku la kioo, tenki likawekwa juu zaidi na kufunikwa lisipoteze joto. Maji ya moto ni mepesi, hupanda yenyewe tenkini; ya baridi hushuka kwenye paneli. Hakuna pampu wala umeme. Baridi kali ya mwaka 1913 ilipogandisha maji na kupasua mabomba, akaweka maji yenye spiriti katika mzunguko wa peke yake.

Hita ya yule bwana ni mjukuu wa Bailey, aina isiyo na spiriti. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, maji yanazunguka? Tukapanda. Tenki lilikuwa nusu! Maji ya mjini yanapokatika, na sote tunaujua mgao wetu, yaliyomo yalikuwa yakirudi kupitia bomba la kuingizia. Mdomo wa bomba la juu kutoka kwenye paneli ukabaki hewani, mzunguko ukakatika. Paneli ilikuwa nzima kabisa.

Fundi bomba alifunga valvu ya kuzuia maji yasirudi, akahakikisha bomba la kupumulia liko wazi. Hilo usilizibe kamwe, maji ya moto hutanuka na tenki linaweza kupasuka. Tulifuta vumbi kwenye kioo, tukafungulia chini kutoa tope. Fimbo ya magnesi, ile inayoliwa na kutu badala ya tenki, ilikuwa imebaki waya. Mpya inatafutwa.

Wenye hita za mirija ya kioo kutoka China, mgao una hatari nyingine kwenu. Mirija ikikaa mitupu juani hupata moto mkali mno; maji ya baridi yakiingia ghafla hupasuka. Maji yakirudi saa saba mchana, funga koki, jaza alfajiri.

Yule bwana hajauza. Wageni wanaoga maji ya moto, ila siku za mawingu bado anachemsha kwa kuni.